Rimu ya Nyaruai na Shimo Lisilokuwepo

Ifahamike kwa wananchi wote, wenye magari na wenye miguu, kwamba tangu mwezi wa tatu barabara zote zilizo chini ya Ofisi ya Uviringo wa Magurudumu na Usawa wa Barabara, kuanzia Kitale hadi Bungoma, ziko sawa. Si sawa ya kujibu salamu. Ni sawa ya cheti. Cheti chenyewe kina mihuri mitatu, kimevikwa plastiki kisiingie unyevu, na kinaning'inia ukutani juu ya kichwa cha Bwana Walubengo, Kaimu Afisa wa Uviringo Daraja la Pili, ambaye alikuwa kaimu kwa miaka tisa na hakuwahi kunung'unika.

Jina la ofisi lilikuwa refu kuliko ubao ulionunuliwa, kwa hiyo neno "Barabara" liliandikwa kwenye ukuta wa choo cha jirani. Wageni walipotea kidogo, lakini wakiuliza walionyeshwa.

Sasa, Walubengo aliiamini kazi yake, na hapo naomba tuheshimiane. Kuna watu huamka asubuhi wakaenda kazini kwa sababu ya mshahara. Yeye alikwenda kwa sababu ya uviringo. Alikuwa na meza moja, mihuri miwili, kabati lenye nyundo sita zilizonyang'anywa mafundi, na droo iliyokuwa na bendera nyekundu, mpya, bado kwenye karatasi yake ya dukani.

Nyundo na bendera zina maelezo yake. Fikiria: ikiwa barabara iko sawa kwa cheti, na rimu ya gari imepinda, basi si barabara iliyoipinda. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Mkurugenzi Kang'ethe, mtu wa akili nyingi na suti nyingi zaidi, aliikokotoa peke yake ofisini akiwa amefunga mlango, na alipotoka alikuwa na Fomu U-7. Mwenye rimu iliyopinda alitakiwa kuchagua sababu moja kati ya tatu: (a) niliinunua ikiwa imepinda, (b) niliipinda nyumbani, (c) tabia yangu. Baada ya hapo ndipo angepewa Kibali cha Kupinda, na bila kibali hicho fundi yeyote aliyenyoosha rimu alipoteza nyundo.

Chini ya fomu palikuwa na mstari mmoja wa "maelezo mengine", kwa sababu fomu isiyo na maelezo mengine haijakamilika. Mwanzoni watu waliutumia vibaya. Waliandika neno fulani lenye herufi tano linaloanza na "sh". Mkurugenzi hakukasirika. Alitoa Waraka Namba Tisa: mtu yeyote atakayeripoti shimo kwa maandishi atakuwa mlezi wa shimo hilo, na atasimama kando yake mchana kutwa akiwa na bendera nyekundu, kwa usalama wa umma, mpaka litakapozibwa. Tangu siku hiyo mashimo yaliyoripotiwa yalikuwa sifuri. Takwimu zilipelekwa juu, na huko juu zilipendwa sana.

Jumatatu moja mwezi wa kumi, kabla Walubengo hajamaliza chai, mama mmoja aliingia akaweka trei ya mayai juu ya meza, katikati ya mihuri.

"Habari ya asubuhi, mkubwa."

"Nzuri, mama. Karibu Uviringo. Hapa hatupokei zawadi."

"Si zawadi. Ni ya kuonyesha tu."

Mama huyo aliitwa Nyaruai, mfugaji wa kuku wa Kachibora, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kuku mia tatu kwa pamoja. Mwezi wa nane alinunua stesheni wagoni kuukuu kwa mtu wa Bungoma, ili apeleke mayai ya kuangua kwenye mashine ya vifaranga huko huko Bungoma kila Alhamisi. Gari lilikuwa zuri. Halafu, kwenye barabara ya kushuka Tongaren, rimu ya mbele kushoto ikapinda, na sasa gari likizidi mwendo wa baiskeli lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria.

"Sasa sikiza," alisema Nyaruai. "Yai la kukaanga, hata ulitikise namna gani, ni yai. Lakini hili ni la kuangua. Ukilitikisa, limekufa na halisemi. Mwezi uliopita nilipeleka mia sita. Vifaranga mia mbili peke yake ndio walitoka. Mwenye mashine ameniambia, mama, Alhamisi hii ukiniletea mayai ya kutikiswa tena, nafasi yako nampa mtu wa Kimilili."

"Pole sana."

"Asante. Nimefika kwa fundi Tonny, ameangalia rimu, amesema ni kazi ya nusu saa. Lakini ati nilete karatasi kwako kwanza."

"Tonny amesema vizuri," alisema Walubengo, na moyoni alifurahi, kwa maana nyundo moja kati ya zile sita ilikuwa ya Tonny, na ilionekana elimu ilikuwa imemwingia. Alichukua Fomu U-7, akaandika juu "Namba Moja", kwa kuwa kitabu kilikuwa kipya. "Tuanze na (a). Uliinunua ikiwa imepinda?"

"Hapana."

"Muuzaji lazima athibitishe."

Walimpigia simu muuzaji, Wangila, na Walubengo akaiweka kwa sauti kubwa ili serikali nzima isikie.

"Ati nini?" Wangila alifoka kutoka Bungoma. "Hiyo gali ilitoka kwangu ikiwa fiti, mkubwa! Limu zote nne! Hata ya spea! Mimi ni mzee wa kanisa, bana, siwezi kuuzia mama limu ya kupinda!"

"Kwa hiyo hutatia sahihi?"

"Nitie sahihi ya uongo? Waniondoe uzee?" Na simu ikakatika.

Walubengo alipiga mstari kwenye (a). Kwa (b), alieleza, chifu angeandika barua, kisha maafisa wawili wangekwenda Kachibora kukagua boma na kutafuta kitu kinachoweza kupinda rimu. Ziara kama hiyo ilikuwa na nafasi mwezi wa pili mwakani. Kwa (c), tabia, palikuwa na semina ya wiki sita ambayo mkufunzi wake alikuwa Mkurugenzi mwenyewe.

Nyaruai aligeuza trei. Kila yai lilikuwa na siku iliyoandikwa kwa penseli.

"Haya ni ya Ijumaa. Yai la kuangua likipita siku saba, mlango umefungwa. Alhamisi ni siku ya saba. Nyumbani niko nayo mia tisa. Sasa niambie, mkubwa, nikae semina wiki sita na mayai nimwambie nini?"

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Yai halijui methali."

Walubengo aliweka kalamu mezani. Alilelewa na nyanya yake karibu na Kamukuywa, na ada yake ya shule ilitoka chini ya kuku. Aligusa yai moja kwa kidole, akaurudisha mkono haraka kana kwamba amegusa faili la siri.

"Si niandike tu ukweli?" Nyaruai alishika kalamu, akasogea kwenye mstari wa maelezo mengine. "Ni shi—"

"Mama!" Walubengo aliinuka, akafunga mlango, akarudi, akafungua droo. Alitoa bendera nyekundu akaiweka kando ya mayai. "Ukimaliza hilo neno, hii ni yako. Utasimama pale kuanzia asubuhi mpaka jioni, mpaka lizibwe. Na halitazibwa, kwa sababu barabara iko sawa."

Nyaruai aliisogeza bendera mbali na mayai.

"Na kuku nitaachia nani? Wewe?"

"Ndiyo maana nakwambia usiandike."

Alirudisha kalamu mezani. Walubengo aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kupasha masikio moto, na kwa kuwa hakukuwa na fomu ya aibu alitafuta njia nyingine. Kifungu cha kumi na nne kiliruhusu Mkurugenzi kutoa kibali kwa sahihi yake mwenyewe, bila sababu. Na Mkurugenzi, kwa bahati, angekuwa Alhamisi saa tatu asubuhi kwenye barabara ile ile ya Tongaren, akizindua mti.

"Mti gani?" aliuliza Nyaruai.

"Ule wa katikati ya barabara."

Nyaruai alimkazia macho. "Kwa Mama Mkwe?"

Walubengo alikohoa, akapanga mihuri.

Ni lazima niseme jambo hapa. Pale Tongaren, mbele kidogo ya kinu cha posho, palikuwa na kitu ambacho Ofisi haikukitambua lakini wenyeji walikipa jina. Walikiita Mama Mkwe. Kwa Wabukusu, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anapitia shambani, hata kama ni kwenye umande. Basi kila dereva wa huko, akifika pale, aliacha lami akapitia kwenye mahindi ya watu kwa heshima zote. Na kwa ajili ya wageni, wenyeji walisimika ndani yake tawi kubwa la mti. Mtu yeyote wa sehemu hizi akiona tawi limesimama barabarani anajua: usije.

Walubengo alijua pia. Lakini wiki tatu kabla, alipokwenda kukagua, fomu ya ukaguzi haikuwa na safu ya vitu kama Mama Mkwe. Ilikuwa na safu ya miti. Akasimama pale na kalamu yake, akatazama tawi, akatazama fomu, akaandika: "Mti mmoja, umepandwa na wananchi kwa hiari yao." Hakudanganya hata neno moja. Mkurugenzi aliposoma alipiga meza kwa furaha.

Nyaruai alibeba trei yake. "Alhamisi saa tatu nitakuwa hapo. Nitakuja nikitambaa, lakini nitakuwa hapo. Na Tonny nitamwambia aje na vyombo vyake."

"Mwambie avifunike na gunia," alisema Walubengo, na ndiyo mara ya kwanza katika miaka tisa aliyotoa ushauri usio na namba ya kumbukumbu.

Jumatano mchana simu yake ililia. Hakukuwa na salamu. "Ya Ijumaa yamefika siku ya sita," alisema Nyaruai, akakata. Chai ya siku hiyo Walubengo hakuimaliza.

Alhamisi kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya ya shule, mpiga picha, na miche kumi kwenye mifuko. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na Mama Mkwe alikuwa amejaa maji hadi ukingoni. Nyaruai alikuwa amefika, gari limeegeshwa kando, trei thelathini zimefungwa kwa leso na mablanketi. Alikuwa ametoka Kachibora alfajiri, kwa mwendo wa mbuzi anayepelekwa sokoni. Tonny aliketi juu ya bodaboda akiwa na gunia lenye pembe nyingi.

"Niaje, mkubwa," alimsalimu Walubengo. "Nyundo yangu inaendelea aje?"

"Iko salama. Imesajiliwa."

Gari kubwa jeusi la Ofisi lilifika saa nne, likiendeshwa na Kibe, dereva mpya aliyehamishwa juzi tu. Mkurugenzi Kang'ethe alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Nyaruai alisogea na fomu yake mkononi. Akaambiwa na mtu wa itifaki asubiri baada ya hotuba. Akarudi garini, akaangalia saa. Mwenye mashine alifunga mlango saa nane.

"Wako watu," alianza Mkurugenzi, "wanaosema barabara zetu zina mambo fulani. Nawauliza: kwenye lami mbovu mti unaweza kumea? Mti humea penye rutuba! Na leo saa sita, huko Bungoma, nitapokea kwa niaba yenu Ngao ya Barabara Sawa."

Watu walipiga makofi wakitazamana. Kisha Mkurugenzi aliusogelea mti wenyewe, akaukuta umekauka majani. Uso wake ulibadilika.

"Nani alipanda hiki? Hii ni aibu mbele ya kamera. Kitolewe, tupande mche."

"Ee baba, msitoe hiyo!" alipaza sauti Nabwile, bibi aliyekuwa akichemsha mahindi kando ya barabara. "Hapo ni kwa Mama Mkwe!"

"Tutampandia na yeye, bibi, usijali."

Vijana wawili waling'oa tawi. Maji yalijifunga, pakabaki kidimbwi kidogo chenye adabu, cha rangi ya lami iliyolowa. Mkurugenzi alirudi nyuma akakipima kwa jicho la mpiga picha. Alitaka gari lisogezwe mpaka pale pale mti ulipokuwa, naye apigwe picha akishuka na mche mkononi. Akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango. Kibe akawasha.

Walubengo aliona. Alifungua kinywa amwonye, akatafuta neno. Lililokuja halikuwa limeidhinishwa.

"Kibe!" aliita. "Mbele yako kuna ... kuna mteremko wa ghafla, wa muda!"

Kibe alipunga mkono kumshukuru, akaongeza mafuta kidogo.

Mlio uliotoka ulisikika hadi kwenye kinu cha posho, na kinu kikazimwa ili watu wasikilize vizuri. Gari lilipiga goti upande wa kushoto. Mkurugenzi alitoka na mche uliovunjika na tope hadi kifuani. Tonny, kwa kuwa fundi ni fundi, alikuwa tayari amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Rimu imekunjika kama chapati ya maharagwe," alitangaza. "Taya imekwisha hewa."

"Wekeni spea!" Mkurugenzi alisema.

Kibe alifungua nyuma, akatoa spea, akaisimamisha barabarani. Iliyumba ikalala. Nayo ilikuwa imepinda.

"Mkubwa," alisema Kibe kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kiliipenda, "dereva aliyeniachia gari alisema hiyo ilipinda mwezi wa tano. Ati ulimwambia asiandike."

Kwaya ilianza wimbo bila kuombwa, mwalimu akainyamazisha.

Saa ilikuwa nne na nusu. Mkurugenzi alimgeukia Tonny. "Wewe! Una vyombo hapo kwa gunia. Nyoosha!"

"Bila kibali, mkubwa? Zii. Mimi sitaki noma na serikali. Nyundo yangu moja bado iko ndani."

"Walubengo! Toa kibali!"

"Ndiyo, mkubwa." Walubengo alifungua mkoba, akatoa kitabu cha Fomu U-7, akalamba kidole, akafunua. "Iko shida ndogo. Namba Moja haijafungwa. Ni ya huyu mama, tangu Jumatatu. Siwezi kutoa Namba Mbili kabla ya Moja. Ni wewe ulitufundisha, mkubwa: foleni ni foleni."

"Namba Moja inataka nini?"

"Sahihi yako. Kifungu cha kumi na nne."

Mkurugenzi alinyakua kalamu akaweka sahihi bila kusoma, kama alivyozoea kutia sahihi mambo mengi. Nyaruai hakusema asante wala kwaheri. Alikuwa ameshaweka jeki. Tonny alimwaga gunia: gogo la mti, chupa ya gesi, nyundo mbili na kipande cha ekseli kuukuu. Moto ukawaka, rimu ikaanza kupigwa, taratibu, ko, ko, ko, na Nyaruai akasimama juu yake akihesabu dakika.

"Sasa yangu," alisema Mkurugenzi.

"Namba Mbili. Kifungu cha kumi na nne hakiruhusu mtu kujipa kibali mwenyewe, mkubwa. Uliinunua ikiwa imepinda?"

"Nini?"

"Ni (a), mkubwa. Lakini naona hapa gari lilinunuliwa na Ofisi, na sahihi ya kupokea likiwa zima ni yako. Ukikubali (a), basi ulipokea kitu kibovu."

"Piga mstari."

"(b). Uliipinda nyumbani?"

"Gari la Ofisi lifanye nini nyumbani kwangu?"

"Hata mimi nimejiuliza," alisema Walubengo kwa unyenyekevu. "Tubaki na (c). Tabia."

Watu walikuwa wamesogea. Bibi Nabwile alikuja na sufuria yake ya mahindi ili asikose kitu.

"Kwa (c) kuna semina ya wiki sita," Walubengo aliendelea. "Mkufunzi ni wewe. Sijui kama mtu anaweza kujifundisha tabia mwenyewe. Naweza kuandika juu kuuliza. Majibu huchukua—"

"Wewe Walubengo una wazimu?" Mkurugenzi alilipuka, tope likimruka kwenye tai. "Tabia gani? Unaona nini hapo mbele yako? Hilo ni shimo! Shimo! Hata mtoto wa chekechea anaona ni shimo! Limekaa hapo linameza magari ya watu, na wewe unaniuliza tabia! Andika shimo!"

Hata Tonny alishusha nyundo.

"Kwa maandishi, mkubwa?"

"Kwa maandishi! Lete hapa!" Akavuta fomu, akaandika mwenyewe kwenye mstari wa maelezo mengine, kwa herufi kubwa zilizotoboa karatasi: SHIMO. Akatia sahihi, cheo na tarehe.

Walubengo alipuliza wino ukauke. Aligonga muhuri. Alisoma tena neno lile, neno ambalo hakuwa ameliona kwenye karatasi ya serikali kwa miezi saba, na alihisi furaha ya ajabu, kama mtu aliyepiga chafya baada ya kuizuia kanisani. Kisha akafungua mkoba, akatoa bendera nyekundu, akaivua karatasi yake ya dukani, akaikunjua, akamkabidhi Mkurugenzi kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

"Waraka Namba Tisa, mkubwa. Hongera. Wewe ndiye mlezi wake."

"Naufuta! Waraka huo naufuta sasa hivi!"

"Una mamlaka hayo," Walubengo alikubali. "Waraka hufutwa na kikao cha Ofisi, mchana, saa za kazi, wewe ukiwa mwenyekiti. Lakini mlezi wa shimo hatoki kwenye shimo mchana. Nimejaribu kutafuta mwanya, sioni. Umeuandika vizuri sana." Akafikiri kidogo. "Na ukutani kwako umetundika, mkubwa: sheria ni msumeno."

"Hukata mbele na nyuma!" wakaitikia wanakwaya, kwa sababu walikuwa wamefundishwa shuleni kumalizia methali.

Mpiga picha alipiga picha. Wageni waalikwa walikumbuka shughuli zao. Mtu wa itifaki alitoweka na simu sikioni. Mkurugenzi Kang'ethe alitazama kushoto na kulia, akaona lori la mahindi likija kwa kasi kutoka upande wa Naitiri, moja kwa moja kuelekea pale alipokuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alifanya kitu chenye faida kwa msafiri. Aliinua bendera. Lori lilichepuka.

"Asante, mzee!" dereva alipiga kelele. "Hapo hapo!"

Upande wa pili Tonny alivalisha rimu kwenye ekseli yake, akashika msumari karibu na ukingo, akaizungusha. Rimu ilipita mbele ya msumari mzunguko baada ya mzunguko bila kuugusa.

"Mathe, imekuwa poa. Enda hata na chai mkononi."

Nyaruai alifunga gurudumu mwenyewe. Kisha akaja kwa Walubengo, akamshika mkono kwa nguvu. "Wewe mwanangu, Mungu akuone." Walubengo alitaka kujibu kitu rasmi, akaishia kumfungulia mlango wa gari.

Gari lake lilipitia kwenye mahindi, likarudi kwenye lami mbele ya Mama Mkwe, likasimama kando ya Mkurugenzi. Akateremsha kioo.

"Mama," Mkurugenzi aliomba polepole, "saa sita natakiwa Bungoma. Nibebe tu. Hata nikae nyuma na mayai."

"Haiwezekani, mkubwa. Haya hayataki kutikiswa. Na wewe umekasirika, unatetemeka." Alitia gia. "Pole na kazi."

Alifika Bungoma saa saba kasorobo. Wiki tatu baadaye, katika mayai mia tisa, vifaranga mia nane na kumi na mmoja walitoka, na mtu wa Kimilili akatafuta mashine kwingine. Ngao ya Barabara Sawa haikuwa na wa kuipokea ikarudishwa dukani.

Kuhusu shimo, lilizibwa Ijumaa saa tisa alasiri. Malori mawili ya kokoto, mapipa ya lami, vijana kumi na wawili, vyote vilipatikana kwa simu alizopiga Mkurugenzi mwenyewe, mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine bendera. Hakuna shimo katika historia ya Ofisi lililowahi kuzibwa kwa siku moja na nusu. Walubengo aliandika ripoti ya mwezi: mashimo yaliyoripotiwa, moja, yaliyozibwa, moja, mafanikio, asilimia mia. Nyundo sita alizirudisha kwa wenyewe, kila mmoja akatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata alifika kazini akakuta foleni imeanzia mlangoni, imezunguka ukuta, imefika kwenye neno "Barabara" pale chooni. Walikuwa watu wa Kapsokwony, wa Tongaren, wa Kachibora, wa kila upande. Aliketi, akafungua kitabu, akamwita wa kwanza. Alikuwa mzee mmoja aliyevaa kofia ya kanisani, aliyeivua kwa heshima kabla ya kusema.

"Tumekuja kuomba Mkurugenzi atutembelee, mkubwa. Hata kwetu tumepanda mti."